Kansere Zinazopita Kati ya Picha Mbili



Katika nchi nyingi za Ulaya, mwanamke akifikisha miaka 50 hupokea barua. Barua hiyo yamwita aende mahali fulani, siku fulani, saa fulani, ili apigwe picha ya matiti. Haumwi, wala hajalalamika kwa mganga yeyote. Aitwa kwa sababu ya umri wake tu. Mama zetu na dada zetu waliohamia Bruxelles, Liège au Antwerpen waijua sana barua hiyo, maana Ubelgiji ilianza mwaka 2001 kuwaita wanawake wote wa miaka 50 hadi 69, kila baada ya miaka 2. Picha yenyewe yaitwa mamografi. Baada ya siku kadhaa hufika barua ya pili, na mara nyingi sana yasema hivi: hatukuona kitu kibaya.

Wengi huisoma barua hiyo kana kwamba imesema: huna kitu kibaya. Maneno hayo mawili hayalingani. Kati ya kusema hatukuona na kusema huna pana nafasi, na katika nafasi hiyo maelfu ya wanawake wameugua na wengine wamekufa. Leo nataka kueleza historia ya nafasi hiyo: waganga waliitambuaje, waliihesabuje, na ilichukua miaka mingapi kabla ya wenye matiti wenyewe kuambiwa kwamba ipo.

Waganga wana jina kwa kansere inayojitokeza baada ya picha iliyoonekana safi, kabla ya picha inayofuata. Kwa Kifaransa na kwa lugha nyingine za Ulaya jina hilo latoka katika neno la Kilatini intervallum. Waliosoma seminari watakumbuka kwamba inter ni kati, na vallum ni boma la miti lililozunguka kambi ya askari wa Roma. Intervallum basi ilikuwa nafasi ya katikati ya boma, mahali mtu aweza kupita. Mimi nitaziita kansere za katikati. Picha ya kwanza ni mti mmoja wa boma, picha ya pili ni mti mwingine, na adui amepita katikati.

Tuanze mbali kidogo. Mionzi ya X iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895. Mwaka 1913 mganga mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, akatangaza kazi yake: alikuwa amepiga picha kwa mionzi hiyo matiti kama 3000 yaliyokatwa kwa sababu ya ugonjwa, akalinganisha picha na nyama yenyewe. Aliona namna kansere inavyotandaa, na aliona vichembe vidogo vyeupe ambavyo wengine baadaye walikuja kuvifahamu kuwa dalili. Hakupiga picha hata mwanamke mmoja aliye hai. Alikuwa Myahudi; utawala wa Hitler ukamfukuza kazini, akakimbilia Uholanzi. Binti yake Charlotte, mchoraji, aliuawa Auschwitz mwaka 1943. Kazi ya baba ilibaki katika vitabu, na kwa miaka mingi watu wachache tu waliifuata.

Wengine wakaendelea: Stafford Warren huko Marekani mwaka 1930, Raul Leborgne huko Uruguay, Charles Gros huko Strasbourg aliyetengeneza mashine ya kwanza ya matiti tu katika miaka ya 1960. Robert Egan wa Houston alitangaza mwaka 1960 njia ya kupiga picha ambayo mganga mwingine yeyote angeweza kuiiga akapata picha ile ile. Jambo hilo laonekana dogo, kumbe ndilo lililofungua mlango. Picha ambayo mtu mmoja tu ajua kuipiga haiwezi kutumika kwa wanawake elfu sitini.

Na kweli walikuwa elfu sitini na zaidi. Mwezi wa Desemba 1963, huko New York, waganga watatu, Philip Strax, Sam Shapiro na Louis Venet, walianza jaribio kubwa. (Shapiro hakuwa mganga hasa, alikuwa mtu wa hesabu, na bila hesabu zake tusingejua lolote.) Strax alikuwa amefiwa na mke wake kwa kansere ya titi mwaka 1947. Walichukua wanawake kama 62.000 wa miaka 40 hadi 64 waliokuwa wanachama wa bima moja ya afya, wakawagawa kwa bahati nasibu katika mafungu mawili. Fungu moja liliitwa kupimwa mara 4, kila baada ya mwaka. Jingine liliachwa na matunzo yake ya kawaida. Baada ya miaka 10 vifo vya kansere ya titi katika fungu lililoitwa vilikuwa vimepungua kwa kama 30 katika 100.

Habari hiyo ilisifiwa ulimwenguni, na ilistahili sifa. Lakini katika hesabu zile zile za New York kulikuwa na jambo jingine ambalo wasomaji wengi walilipita haraka. Kila mwanamke alipimwa kwa njia mbili: kwa picha, na kwa mkono wa mganga. Katika kansere 132 zilizogunduliwa katika vipimo hivyo, 44 zilionekana kwa picha peke yake, 29 kwa picha na kwa mkono pamoja, na 59 kwa mkono peke yake. Yaani karibu nusu ya kansere hizo picha haikuzionyesha, ingawa uvimbe ulikuwa unapapaswa. Picha za wakati ule zilikuwa hafifu kuliko za leo, ni kweli. Lakini tangu siku ya kwanza hesabu zilikuwa zimekwisha kusema kwamba jicho la mashine halioni yote.

Jaribio la pili lililobadilisha mambo lilifanyika Sweden, katika mikoa miwili, Kopparberg na Östergötland, kuanzia mwaka 1977, likiongozwa na László Tabár na wenzake. Hapo mkono wa mganga uliachwa. Walitumia picha peke yake, tena picha moja tu kwa kila titi. Wanawake wa miaka 40 hadi 49 waliitwa kila baada ya miezi 24 hivi, na wale wa miaka 50 hadi 74 kila baada ya miezi 33 hivi. Mwaka 1985 walitangaza kwamba vifo vimepungua kwa 31 katika 100.

Sweden ilikuwa na kitu ambacho New York haikuwa nacho. Tangu 1947 kila mkaaji wa nchi hiyo ana namba yake mwenyewe, na tangu 1958 kila kansere inayogunduliwa huandikwa katika daftari moja la taifa. Watu wengi hudhani kwamba maendeleo ya uganga hutoka kwenye mashine. Mimi naona daftari lina sehemu kubwa kuliko tunavyolishukuru. Mwanamke aliyepigwa picha Januari, akaambiwa ni safi, akaona uvimbe Novemba, akaenda hospitali nyingine katika mji mwingine: ni nani atakayeunganisha mambo hayo mawili? Mganga wa kwanza hajui. Mganga wa pili haulizi. Bila daftari mwanamke huyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Katika daftari awa mmoja kati ya wengi, na wengi wahesabika. Ndivyo kansere za katikati zilivyopata kuonekana kama jambo moja lenye jina, lenye sababu, tena lenye kipimo.

Na kipimo kikasema nini? Kwamba baada ya picha safi, mwaka wa kwanza kansere hizo ni chache, mwaka wa pili zaongezeka, mwaka wa tatu zaongezeka tena. Na kwamba kwa wanawake walio chini ya miaka 50 zaongezeka upesi zaidi.

Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kubwa kuyachukua mambo ya Sweden na kuyafanya sheria kwa watu wake wote. Kamati ya mganga mpasuaji Patrick Forrest wa Edinburgh ilitoa taarifa yake mwaka 1986. Kazi yenyewe ikaanza mwaka 1988. Waliamua kuwaita wanawake wa miaka 50 hadi 64, kila baada ya miaka 3, kwa picha moja ya kila titi. Kila moja ya maamuzi hayo ilikuwa na sababu, na sababu mojawapo, tusifichane, ilikuwa fedha na uchache wa wasoma picha.

Miaka ikapita. Mwaka 1995 Ciaran Woodman na wenzake walitangaza hesabu za kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Naomba ndugu msomaji azisome polepole. Tuseme kwamba bila picha yoyote, katika kundi fulani la wanawake, kansere 100 zingejitokeza katika mwaka mmoja. Sasa wanawake hao wamepigwa picha na wote wameonekana safi. Katika miezi 12 ya kwanza baada ya picha, kansere 31 kati ya zile 100 zilijitokeza hata hivyo. Katika mwaka wa pili zilikuwa 52. Katika mwaka wa tatu, 82. Maana yake, kabla ya barua nyingine kufika, mwanamke yule alikuwa amerudi karibu mahali alipokuwa kama asingalipigwa picha kabisa, naye hakujua, maana bado alikuwa na barua yake safi kabatini.

Hesabu hizo zilipita matarajio ya waliopanga kazi, na zikawalazimisha waganga kuuliza swali ambalo si tamu: kansere hizi zilikuwa wapi siku ya picha?

Ili kujibu, walizitoa picha za zamani katika sanduku, wakaziweka mbele ya taa na kuzitazama upya. Jibu likawa si moja. Nyingine hazikuonekana kabisa hata kwa macho makali, kwa kuwa siku ile hazikuwapo au zilikuwa ndogo kupita kiasi; hizo zilizaliwa na kukua katikati ya picha mbili. Nyingine zilikuwa na alama hafifu, kivuli ambacho mganga mmoja angesema ni kitu na mwingine angesema si kitu. Nyingine zilionekana wazi, na msoma picha alizipita. Tena ziko ambazo hata siku mwanamke alipokuja na uvimbe mkononi, picha mpya haikuonyesha chochote. Hizo waganga huziita kwa neno la Kilatini occultus, zilizofichika. Sehemu ya zile zilizopitwa na msomaji hubadilika toka nchi hadi nchi, lakini mara nyingi huwa kama moja kati ya tano au moja kati ya nne.

Hapo pana mtego, na wenye haki lazima wautaje. Mtu anayejua kwamba kansere ilitokea katika titi la kushoto, upande wa juu, akiitazama picha ya zamani ataona kitu upande huo. Ukijua mwizi alijificha wapi, huona nyayo zake pote. Kwa hiyo waganga wengine walichanganya picha za kansere za katikati na picha nyingi za wanawake wazima, wakazitoa kwa msomaji asiyejua lolote. Akizisoma hivyo, zile anazozitilia shaka ni chache kuliko zile alizoziona mwenye kujua. Jambo hilo haliondoi kosa pale lilipokuwapo. Laonyesha tu kwamba kuhukumu kosa ni kazi ngumu.

Fikirini pia kazi yenyewe ilivyo. Msoma picha hukaa katika chumba chenye giza. Mbele yake zapita picha za wanawake 1000, na kati yao wenye kansere ya kuonekana huenda ni 8. Wengine wote ni wazima, na kila titi lina sura yake kama uso wa mtu. Akiwa mwepesi wa kutilia shaka, atawarudisha hospitali mamia ya wanawake bure, kwa hofu na machozi. Akiwa mzito, atampita mmoja. Ndiyo maana nchi nyingi za Ulaya ziliweka sheria kwamba kila picha isomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Uingereza nayo ilijifunza kwamba picha moja ya kila titi haitoshi: jaribio la mwaka 1995 lilionyesha kwamba picha mbili, za pande mbili, zilipata wanawake wenye kansere 24 katika 100 zaidi kuliko picha moja. Kwanza wakaziweka picha mbili kwa wanaokuja mara ya kwanza, baadaye kwa wote. Lakini miaka 3 ya kungoja haikubadilika, hata leo. Katika hesabu zao za miaka ya 1997 hadi 2003, kwa kila wanawake 1000 waliopigwa picha, karibu 3 walipata kansere ya katikati kabla ya kuitwa tena.

Mtu atauliza: kwa nini wasiwaite kila mwaka, au kila miezi 6? Swali ni jema, na jibu lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni tabia ya kansere yenyewe. Mkaguzi anayefika kijijini mara moja kila miezi mitatu huwakuta wakaaji. Wapita njia huwasikia tu wakisimuliwa. Picha nazo ni hivyo. Kansere inayokua polepole hukaa miaka mingi katika titi bila kupapasika, na picha hupata nafasi nyingi za kuikuta. Kansere inayokua kwa haraka yaweza kuanza na kufika mkononi katika muda wa miezi michache. Kwa hiyo picha za vipindi huvua zaidi zile za polepole, na zile kali hupita katikati. Waganga walipozipima kansere za katikati waliziona mara nyingi kuwa za aina kali zaidi, na wagonjwa wake hawapati faida ile wanayoipata wale walioonwa na picha. Hali yao yafanana na ya wanawake ambao hawakupigwa picha kamwe. Iko pia aina moja ambayo haifanyi donge, bali chembe zake hutandaa katika mistari myembamba kama siafu njiani. Hiyo picha huiona kwa shida, hata ikiwa imekuwa kubwa.

Upande wa pili ni hasara ya picha nyingi. Kila picha huleta hofu za bure kwa baadhi ya watu. Tena picha hupata kansere nyingine ambazo zisingalimsumbua mwanamke maisha yake yote. Lakini kwa kuwa zimeonekana, hukatwa na kuchomwa kwa mionzi. Kamati ya Michael Marmot ilipima mambo hayo huko Uingereza mwaka 2012, ikasema kwamba kila mwaka kazi hiyo yaokoa maisha ya wanawake kama 1300, na kwamba kama 4000 hutibiwa kansere ambayo isingaliwadhuru. Basi kuongeza picha tu bila kufikiri ni kuongeza faida na hasara kwa pamoja.

Nimesema kwamba matiti hayafanani. Sehemu hii ya historia ndiyo iliyonigusa zaidi, maana hapa ujuzi ulikaa miaka zaidi ya thelathini kwa waganga kabla ya kuwafikia wanawake.

Katika picha, mafuta ya titi huonekana meusi, na tezi pamoja na nyuzi zake huonekana nyeupe. Kansere nayo huonekana nyeupe. Katika titi lenye mafuta mengi kansere yaonekana kama nyota usiku. Katika titi lenye tezi nyingi, ni kutafuta punje ya mchele iliyoanguka katika unga wa muhogo. Mkono hauwezi kutofautisha matiti hayo. Titi zito katika picha laweza kuwa laini mkononi. Mwaka 1976 John Wolfe, msoma picha wa Detroit, aliyagawa matiti katika aina nne kwa sura yake katika picha, akasema kwamba aina hizo zina hatari tofauti. Wengi walimpinga. Huko Toronto Norman Boyd alichukua miaka mingi kulipima jambo hilo kwa uangalifu, na mwaka 2007 yeye na wenzake wakatangaza: mwanamke ambaye robo tatu au zaidi ya titi lake ni nyeupe katika picha ana hatari kama mara 5 ya yule ambaye titi lake karibu lote ni mafuta. Na hatari ya kupata kansere katika miezi 12 baada ya picha safi ilikuwa kama mara 18. Mara 18! Mwanamke huyo alipewa barua ile ile sawa na jirani yake.

Mmoja wao alikuwa Nancy Cappello, mwalimu mwenye elimu kubwa, wa jimbo la Connecticut huko Marekani. Kwa miaka 11 alikwenda kupigwa picha kila mwaka, na kila mwaka aliambiwa ni safi. Mwaka 2004, wiki chache tu baada ya picha safi, mganga wake alipapasa akahisi mstari mgumu. Wakampiga picha tena: hakuna kitu. Wakatumia ekografi, ile mashine ya sauti ambayo mama zetu waijua kwa kutazama mimba, nayo ikaonyesha uvimbe wa sentimeta 2 na nusu. Kansere ilikuwa imekwisha kufika katika tezi 13. Akauliza ilikuwaje. Akajibiwa kwamba matiti yake ni yenye tezi nyingi, na picha haiyaoni vizuri. Akauliza kwa nini hakuambiwa. Kwa kweli jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika taarifa zilizokwenda kwa waganga. Katika barua iliyokwenda kwake halikuwamo.

Alikwenda kwa waganga kuomba wabadili desturi hiyo, hawakumsikia. Akaenda kwa wabunge. Mwaka 2009 Connecticut ikawa jimbo la kwanza kuweka sheria kwamba mwanamke aambiwe katika barua yake kama titi lake ni la namna hiyo. Majimbo mengine yakafuata, moja moja. Yeye alifariki mwaka 2018, wakati majimbo zaidi ya 30 yalikuwa na sheria hizo. Mwezi wa Machi 2023 idara ya serikali inayosimamia vyakula na dawa, FDA, iliamuru hivyo kwa nchi nzima, na amri ikaanza kutumika tarehe 10 Septemba 2024. Toka Wolfe hadi siku hiyo ni miaka 48.

Wapinzani wa sheria hizo hawakuwa watu wabaya. Walisema: twaweza kumwambia mwanamke kwamba picha yake haioni vizuri, lakini tutampa nini badala yake? Swali hilo lilipata jibu zito Uholanzi. Huko waganga walichukua wanawake 40.373 wa miaka 50 hadi 75 wenye matiti mazito kabisa na picha safi, wakawaita baadhi yao, kwa bahati nasibu, wapimwe pia kwa mashine ya sumaku iitwayo IRM. Mwaka 2019 walitangaza hesabu. Katika wale waliokuwa na mamografi tu, kansere za katikati zilikuwa 5 kwa kila wanawake 1000. Katika fungu lililoitwa kwa IRM zilikuwa 2 na nusu, ingawa wengi hawakuitikia mwito. Katika wale walioitikia hasa, hazikufika 1. Lakini IRM ni ghali, huchukua muda mrefu, na huleta hofu za bure kwa wingi. Kwa hiyo nchi nyingi bado zapima faida na gharama.

Sasa hata kompyuta zafundishwa kusoma picha. Huko Sweden, kuanzia mwaka 2021, wanawake zaidi ya 100.000 waliingizwa katika jaribio la Kristina Lång na wenzake. Hesabu za kwanza, za mwaka 2023, zilionyesha kansere 244 zilizoonekana pale kompyuta ilipomsaidia msomaji, na 203 pale waliposoma watu wawili kwa desturi, tena kazi ya kusoma ikapungua kwa 44 katika 100. Jambo jema ni hili: waganga hao hawakuchagua wingi wa kansere zilizoonekana kuwa kipimo chao kikuu. Walichagua kansere za katikati. Wamejifunza kwamba mlinzi hapimwi kwa wezi aliowakamata tu.

Na habari ya kumwambia mgonjwa? Kwa miaka mingi ukaguzi wa picha za zamani ulikuwa mambo ya waganga wenyewe kwa wenyewe. Uingereza iliweka sheria mwezi wa Novemba 2014 kwamba hospitali lazima imwambie mgonjwa waziwazi pale alipodhuriwa na kosa. Ni sheria ngumu kwa msoma picha, maana kansere nyingi za katikati hazina mkosaji. Lakini yule ambaye kansere yake ilionekana wazi ikapitwa, ana haki ya kujua ni kwa nini matibabu yake ya leo ni makali kuliko yale ambayo yangetosha mwaka juzi.

Yatuhusu nini sisi? Kwetu Kongo hakuna barua inayowaita wanawake wote wa miaka 50. Mashine za mamografi ziko chache, katika miji mikubwa. Kwa hiyo karibu kila kansere ya titi kwetu hugunduliwa kama kansere za katikati zinavyogunduliwa Ulaya: mwanamke mwenyewe, akioga au akivaa, huhisi donge lisilouma, au ngozi imeingia ndani kama ganda la chungwa, au chuchu imegeuka au yatoa damu, au pana uvimbe chini ya kwapa. Uvimbe mwingi wa titi si kansere, na hasa kwa wasichana. Lakini mkono peke yake hauwezi kuamua. Lazima ekografi, na sindano ya kuchukua kipande kidogo cha nyama kitazamwe kwa hadubini.

Kuna pia mama anayerudi likizo toka Ubelgiji, ahisi donge, na wenzake wamtuliza: si ulipigwa picha mwaka jana, wakasema ni safi? Sasa msomaji ajua la kumjibu. Picha ya mwaka jana ni habari ya mwaka jana. Ikiwa mganga naye atamrudisha nyumbani kwa sababu ya barua hiyo, na amwonyeshe mganga wa pili.

Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tuliitalo OMS, lilianzisha mwaka 2021 mpango wake juu ya kansere ya titi, likijua kwamba nchi nyingi hazina mashine wala wasoma picha. Mpango huo haukuanza na mamografi. Ulianza na mwanamke mwenye donge anayegonga mlango wa zahanati, na ukaweka hesabu tatu: kwamba wagonjwa 60 katika 100 au zaidi wagunduliwe ugonjwa ukiwa bado mdogo, kwamba toka siku alipofika zahanati mara ya kwanza hadi siku aambiwapo ni ugonjwa gani zisipite siku 60, na kwamba 80 katika 100 wamalize matibabu yao.